Mpishi wa Unguja na Pemba unaetaka kwenda nje kusoma Kiingereza ili upande cheo, anza hivi

Nawaandikia wapishi wenzangu, khasa nyie mliopo kwenye mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa, Paje mpaka Makangale kule Pemba, ambao kila baada ya muda analetwa mkuu wa jiko mpya kutoka nje, nyie ndo mnamuonesha mvuvi gani ana pweza mzuri na soko gani lina thomu isiyooza, alafu baada ya miezi mitatu yeye ndo anakuandikia ripoti kuwa hufai kupanda. Mimi ni mtu wa Wete. Nimeanza kwa kuosha vyombo, nikawa komi, yaani mpishi wa ngazi ya chini jikoni, nikakaa ukomi miaka mingi mno, mwisho nikajikusanya nikaenda Malta miezi sita kusoma Kiingereza, na sahivi ni msaidizi wa mkuu wa jiko. Nimeulizwa sana na wadogo zangu nilifanyaje, kwa hiyo naandika yote hapa, na nilipokosea nasema.

Kwanza tuelewane kitu kimoja mana ndo kimenichelewesha mimi. Sie watu wa hoteli Kiingereza cha mdomo tunacho. Mgeni akija kwenye bufee tunamwambia hii ni changu, hii ni kisamvu, umelala vipi, anacheka, anatoa tipu. Na kule Kiwengwa kuna vijana wanaongea Kitaliano mpaka Mtaliano mwenyewe anashangaa na hawajaingia darasani hata siku moja. Kwa hiyo mtu anajiona anajua. Lakini kinachokuzuia kupanda sio mdomo, ni sikio na kalamu. Sikio ni pale oda zinapoitwa tano kwa mkupuo na feni ya moshi inanguruma na mtu anaitia Kiingereza cha kwao. Kalamu ni kuandika oda ya stoo, fomu ya joto la friji, gharama ya sahani moja, na maelezo ya kumuachia mwenzio wa shifti ya jioni. Ukienda nje ukasoma tena Kiingereza cha "how are you" utarudi na picha nzuri za baridi na cheo kile kile.

Hatua ya kwanza, jipime kabla hujamlipa mtu. Kiingereza kinapimwa kwa ngazi za Ulaya, A1 ya chini kabisa, A2, B1, B2, C1, mpaka C2 ya juu kabisa. Majaribio ya bure yapo kibao kwenye intaneti, fanya mawili matatu ya watu tofauti. Wengi wetu tunaangukia A2 kwenye kuandika hata kama kwenye kuongea tunafika B1. Ukiwa A1 au A2 ya mwanzo, ushauri wangu wa dhati usipande ndege, kaa kwanza miezi minne mitano nyumbani, ukiwa Unguja pale Maruhubi SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana chuo cha utalii, Mji Mkongwe kuna skuli ya Kawa, na walimu wa jioni wapo kila mtaa. Kusoma "this is a table" kwa bei ya yuro ni kuchoma pesa. Uende ukiwa unakaribia B1, hapo kila wiki ya kule unaiona faida yake.

Na wakati upo nyumbani ufanye hatua ya pili, nayo ndo nataka niikalie kidogo, mana hakuna skuli itakayokufanyia, mwalimu wa Kiingereza hajui jiko.

Kiswahili chetu cha jikoni kitenzi kimoja kinabeba kazi nyingi, sie tunaelewana kwa kuona. Chukua kuchoma. Samaki juu ya makaa tunachoma, nyama kwenye oveni tunachoma, mkate wa kifungua kinywa tunauchoma. Kwa Kiingereza samaki wa makaa ni "grill", nyama ya oveni ni "roast", mkate ule ni "toast", na ukisema "burn" umesema umeunguza. Nimewahi kumwambia mkuu wa jiko "I burned the fish, chef" kwa furaha kabisa na akaja mbio. Kuchemsha nako hivyo hivyo, "boil" ni kutokota kwa nguvu, "simmer" ni moto mdogo vipovu vinachungulia tu kama unavyopika mchuzi wa pweza, "poach" ni kupika kitu laini kama yai ndani ya maji yasiyotokota, "blanch" ni kuchovya mboga kwenye maji ya moto kidogo tu alafu unaitia kwenye barafu, "reduce" ni kuacha mchuzi ukauke mpaka uwe mzito. Kukaanga kuna "fry", "deep-fry" ya sambusa kuzama mafutani, "sear" ya kuipiga nyama rangi kwa moto mkali, na "sweat" ya kulainisha kitunguu maji bila kukitia rangi. Kukata ndo usiseme, "slice", "dice", "chop", "mince", "trim", "fillet", kila moja ina umbo lake, na ukikata "dice", vipande vya mraba, pahala pa "slice", vipande vyembamba, sahani inarudi.

Nilichofanya, nilichukua daftari la skuli la kawaida nikaligawa kurasa kwa vitenzi vyetu. Ukurasa wa kuchoma, ukurasa wa kuchemsha, ukurasa wa kukata. Kila siku nikitoka shifti naandika maneno matatu niliyoyasikia, sio kumi, matatu, na pembeni naandika chakula chetu kinachofanana nacho. Kwenye "knead" nikaandika unga wa chapati. Kwenye "grate" nikaandika mbuzi ya nazi. Kwenye "coconut cream" nikaandika kasimele, na tui jepesi la mkamuo wa pili nikaandika "thin coconut milk". Ukiunganisha neno na mkono wako halitoki.

Na ukurasa mmoja weka wa vitu vyenye majina mawili, mana Kiingereza chenyewe hakielewani. Kotmiri ya majani Muingereza anaiita "coriander" na Mmarekani anaiita "cilantro". Biringani ni "aubergine" Uingereza, "eggplant" Marekani, na "brinjal" ukienda Afrika Kusini au kwa Wahindi. Kamba ni "prawns" kwa mmoja "shrimp" kwa mwengine. Kima, ile nyama ya kusaga, ni "mince" Uingereza na "ground beef" Marekani. Viungo ndo mtaji wetu, uzile ni "cumin", iliki ni "cardamom", kungumanga ni "nutmeg", karafuu ni "cloves", na ni aibu mtu wa Pemba kukosa kuieleza karafuu mbele ya wageni.

Sasa la sikio. Nyumbani mdogo wangu wa kiume alikuwa ananisomea oda kwa sauti huku mie naponda thomu kwenye kinu na bomba liko wazi na redio inalia. Anasema "two prawn, one lamb medium, one vegan no garlic", na mie narudia kwa sauti. Fanyeni hivyo hivyo kwenye kelele, usijifunze kusikia kwenye chumba kimya, jiko halina kimya. Na namba jamani. Fifteen na fifty, thirteen na thirty, fourteen na forty. Kwenye kelele zinafanana kabisa, na tofauti ya fifteen na fifty ni sahani thelathini na tano. Ukiwa na shaka uliza "one five or five zero?" hakuna mpishi wa maana atakaekukasirikia kwa hilo.

Maneno ya mwendo ni machache, yashike yote, "behind" unapopita nyuma ya mtu, "hot" ukibeba sufuria ya moto, "sharp" ukiwa na kisu, "corner" kwenye kona, "hands" wanapoitwa wahudumu waje wachukue sahani, "heard" nimesikia. Na "all day" ambayo sio kutwa. Akisema "four sea bream all day" maana yake jumla ya oda zote zilizopo sasa hivi ni samaki wanne.

Alafu mzio. Hapa naomba mnisikilize. Miaka hiyo nikiwa komi kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ilikuja karatasi ya oda imeandikwa "shellfish allergy". Mie nikasoma "fish", nikaona basi mgeni hali samaki, nikatoa vipande vya nguru kwenye sahani nikaacha kamba, nikaipamba vizuri. Muhudumu mmoja, msichana wa Makunduchi, ndo alieiona pale mezani pa kutolea akaishika sahani kwa mikono miwili akaniambia dada hii haiendi. "Shellfish" ni kamba, kaa, kamba koche, na mara nyingi wanatia na chaza na kome humo humo. Yule mgeni angeweza kufunga koo pale pale na kutoka kule mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja ni safari. Mpaka leo nikiikumbuka mikono inakufa ganzi. Kwa sheria ya Ulaya, iliyoanza kutumika Disemba 2014, kuna vitu 14 ambavyo jiko lazima limwambie mteja, na Uingereza orodha ni hiyo hiyo: nafaka zenye gluten kama ngano, wanyama wa magamba kama kamba na kaa, chaza na pweza na ngisi ambao wao wanawaweka kundi lao la "molluscs", mayai, samaki, karanga, korosho na lozi na jamii yake, soya, maziwa, figili ya majani wanayoiita "celery", haradali, ufuta, "lupin" ambayo ni jamii ya maharage, na "sulphites" inayotiwa kwenye matunda makavu na vinywaji. Angalia karanga na korosho zipo mbali mbali, "peanuts" na "nuts", mtu anaweza kudhurika na moja na sio nyengine. Na mkate wetu wa ufuta unaingia hapo. Vijue vyote 14 kwa macho, kwa sikio na kwa kuandika kabla hujafika hata uwanja wa ndege.

Hatua ya tatu ni kuchagua nchi. Watu wanakimbilia kusema London. Uingereza wana viza ya kusoma Kiingereza ya miezi 6 mpaka 11, lakini hiyo hairuhusu kazi yoyote, hata saa moja, na ukienda kwa viza ya matembezi kusoma chini ya hapo ni hivyo hivyo. Na kama ndoto yako ni kubakia kule kama mpishi, jua kuwa tangu Julai 2025 wamepandisha kiwango cha kazi zinazopewa viza na upishi umetolewa, kwa hiyo usikubali dalali akwambie nenda kasome alafu utageuza viza.

Ireland ni tofauti. Kule kozi iliyo kwenye orodha ya serikali, ya wiki 25 na angalau saa 15 za darasa kwa wiki, inakupa ruhusa ya kukaa kama miezi minane na kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na vipindi vya likizo walivyoviweka wao saa 40. Ugumu wake ni pesa, Mtanzania anahitaji viza, ada inalipwa kwanza, na wanataka kuona pesa ya kujikimu inayozidi yuro 6,000 mbali na ada.

Malta nilikwenda mimi, kisiwa kidogo, Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta chenyewe. Kwa utaratibu nilioukuta, mwanafunzi wa kozi inayozidi siku 90 anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki baada ya hizo siku 90 kwisha, na huko ndo nilipoingia jikoni. Kimalta asili yake Kiarabu, kwa hiyo aliesoma chuo cha Kurani anaokota maneno, mkate wanaita "ħobż", hesabu tnejn, tlieta, raha yake hiyo, lakini usiingie mtego wa kujifunza Kimalta, umefuata kitu kengine. Kiangazi kinajaa vijana wa Ulaya waliokuja kuogelea, darasa limejaa na bei juu. Mie nilianza Aprili, masika huku kwetu hoteli nyingi zinafunga au zinapunguza watu, kupata likizo ni rahisi, na kule bado hapajafurika.

Na kuna njia ambayo watu wanaidharau, Kampala. Ni Afrika Mashariki, viza huhitaji, basi zipo kutoka Dar, ada ni ya kulipika. Mbona sisemi Nairobi? Nairobi Kiingereza kipo kizuri sana na Utalii College ipo tangu 1975, ila Mkenya akigundua umetoka Zanzibar anataka kusikia Kiswahili chako, siku inakwisha mmeongea Kiswahili. Kampala mtaani ni Kiganda na Kiingereza, Kiganda hukijui, basi unalazimika. Kwa mtu asiekuwa na mamilioni, miezi mitatu ya Kampala ukiwa umejipanga inashinda mwezi mmoja wa Ulaya. Oman na Dubai wengi tuna ndugu, jikoni kule Kiingereza kinaongewa kutwa na Wahindi na Wafilipino, sikio litapata mazoezi, lakini kalamu haipati kitu kama hujaandikishwa skuli.

Hatua ya nne, skuli yenyewe. Waulize maswali kwa imeili, kwa Kiingereza chako mwenyewe, usimpe mtu akuandikie: darasa lina watu wangapi kwa wingi wake, kuna wanafunzi wangapi wa lugha moja, mna mtu wa kunisaidia kuandika, mnanitayarisha na mtihani wa nje, usiokuwa wa skuli yenyewe? Wakijibu kwa kopi ya tangazo tu, waache. Lipa ada kwa akaunti ya skuli moja kwa moja. Mie dalali wangu wa mwanzo, jina naliacha, alikula pesa yangu ya misimu miwili kwa barua ya skuli ambayo nilipowaandikia wenyewe wakaniambia hawanijui. Barua ile ilikuwa na mhuri na kila kitu. Ningewaandikia kabla ya kulipa ningeumia kidogo.

Makaratasi, haraka haraka. Pasi, shilingi 150,000, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari na cha NIDA, barua ya mwajiri yenye kusema utarudi kazini, taarifa ya benki ya miezi sita inayoonesha mshahara unaingia na sio furushi lililodondoka juzi. Na jina, wallahi angalia jina. Khamis kwenye pasi, Hamisi kwenye cheti cha skuli, Hamis kwenye benki, huyo kwao ni watu watatu. Rekebisha miezi kabla.

Ukishafika sasa. Wiki za mwanzo darasani, jioni usikae na Waswahili wenzio, wapende, wasalimie, Ijumaa muonane msikitini, lakini chumba kaa na mtu ambae hamna lugha nyengine ya pamoja. Mie nilikaa na msichana wa Colombia, tulikuwa tunapika kwa zamu na mwenye zamu lazima aeleze kila anachofanya kwa Kiingereza. Siku nilipomueleza biriani ya kwetu, kuwa rojo linapikwa mbali na wali mbali vinakutana kwenye sahani, nilitumia nusu saa nzima, na yale maneno ndo niliyoyatumia baadae kwenye usaili. Tayarisha vyakula vitatu vya kwetu unavyoweza kuvieleza bila kusita mwanzo mpaka mwisho, ni vya kwako, hakuna atakaekushinda hapo.

Mwalimu mwambie siku ya kwanza kazi yako. Wa kwangu alinikubalia, badala ya insha ya "my holiday" nikawa naandika mapishi, barua ya kulalamikia samaki wabovu kwa msambazaji, na maelezo ya kukabidhi shifti. Anasahihisha kwa kalamu nyekundu, naandika upya. Kosa langu kubwa lilikuwa wakati, naandika "I put chicken in fridge" na mtu hajui nimeshaweka, ninaweka au ndo nitaweka. Jikoni tofauti ya "I have put" na "put" kama amri ni kuku alieharibika.

Ukipata kazi ya saa chache, chukua hata ya kuosha vyombo, ila karibu na meza ya kutolea chakula, sio nyuma kabisa. Kabla ya kukuajiri watakuita ufanye shifti ya majaribio, uliza kabla inalipwa au hailipwi na ni saa ngapi. Jitolee kujaza fomu za joto, wenzio wanazikimbia, wewe ndo skuli yako hiyo. Friji isizidi 5, freza iwe 18 chini ya sifuri, kuku katikati afike 75. Soma lebo zote, "use by" ikipita tupa, "best before" ni ubora tu umepungua.

Kuhusu dini yetu, sema mapema na kwa utulivu, siku ya usaili. Mie nilisema sishiki nguruwe na sionji mvinyo, nikaomba niwekwe samaki na mboga, na niliyemuomba akakubali papo hapo. Kwa dada zangu, hijabu fupi ya pamba au kofia ya jiko inayofunika vizuri, bila pini, pini ikidondoka kwenye chakula ni balaa. Na uchunguze vitamutamu, gelatini na pombe zimejaa humo.

Kabla hujaondoka kule kurudi nyumbani fanya mtihani wa nje. Cheti cha skuli kinasema ulihudhuria, meneja wa hoteli anataka ngazi. Kuna za Cambridge, B1 Preliminary au B2 First, na kuna IELTS ambayo matokeo yake yanatumika miaka 2, kwa hiyo usiifanye kama huna safari au maombi karibu. Na anaetaka kazi ya hoteli Malta yenyewe ajue sahivi wafanyakazi wa kutoka nje ya Ulaya wanatakiwa wawe na Skills Pass, cheti cha kuonesha ujuzi wa kazi za hoteli, na ndani yake kuna kupimwa Kiingereza.

Nilivyorudi sikuomba cheo siku ya kwanza. Niliandika orodha ya vile vitu 14 kwa Kiswahili na Kiingereza, nikaweka na majina tunayoyatumia sie, kamba, chaza, ufuta, korosho, nikaipiga plastiki nikaibandika kwenye mlango wa friji kubwa. Alafu nikaomba niwe naandika mie ripoti ya shifti ya jioni, kila siku, miezi miwili. Mkuu wa jiko ndo akaanza kunipa simu za wasambazaji, kisha menyu, kisha akaniita ofisini na karatasi ya mkataba mpya ya kurasa nne, akanipa kalamu nisaini. Nikamwambia nipe mpaka kesho niisome kwanza, na usiku ule nikaisoma yote peke yangu, nikarudi asubuhi na maswali mawili, la saa za ziada na la likizo.